Somo: Jinsi ya kusoma alama za maji ya kale katika miamba ya Mirihi

Kila roboti inapotuma picha mpya kutoka Mirihi, hakosi kutokea mtu wa kutangaza kwamba maji yamegunduliwa tena. Somo hili linamwezesha msomaji kuikagua picha hiyo mwenyewe kwa kushika kanuni moja: usitamke neno maji kabla hujajiuliza ni kitu gani kingine kingeweza kufanya kazi ileile.

Hatua ya kwanza: jua jiwe limelala wapi. Roboti ya Curiosity ilitua Agosti 2012 ndani ya kreta (shimo kubwa lililochimbwa na kimondo) ya Gale, yenye upana wa kilomita 154, karibu na mashapo yaliyotandaa chini ya ukingo, kama yanavyotandaa pale mto unaposhuka mlimani na kuingia tambarare.

Hatua ya pili: angalia kingo za changarawe. Hapa usiwe na haraka. Mwezi uliofuata roboti hiyo ilipiga picha ya bamba la mwamba lililopewa jina la Hottah, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, lililovunjika na kuinuka upande mmoja. Ndani yake changarawe za mviringo zilikuwa zimeshikamana kama zege. Aliyewahi kushika kokoto zilizopondwa kwa nyundo anajua kwamba zina ncha zinazokwaruza kiganja, ilhali changarawe za mtoni ni laini kwa sababu zimebiringishwa na kugongana njia nzima. Ni kweli kwamba upepo nao hulainisha mawe, lakini baadhi ya changarawe za eneo lile zilifika milimita 40, na upepo hauwezi kuzisafirisha changarawe kubwa kiasi hicho. Wanasayansi walikadiria kijito kilichokwenda kwa kasi ya takriban mita 1 kwa sekunde, kina chake kikiwa kati ya kifundo cha mguu na nyonga. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwa kuwa hata asiye na maabara anaweza kuufuatilia kwa macho yake.

Hatua ya tatu: uliza madini. Mwaka 2004, katika uwanda wa Meridiani Planum, roboti nyingine, Opportunity, ilikuta vigololi vya hematiti, madini ya chuma, vyenye upana wa milimita chache. Hematiti peke yake haithibitishi kitu, kwani huweza kuundika pasipo maji. Kilichoipa uzito ni kwamba vigololi hivyo vilitapakaa ndani ya mwamba bila kufuata matabaka, ishara kwamba vilikulia humohumo, na mwamba wenyewe ulikuwa na madini ya jarositi, ambayo huhitaji maji yenye asidi ili iundike.

Hatua ya nne: usiamini rangi ya juu. Februari 2013 Curiosity ilitoboa mwamba wa tope kwa keekee, sentimita 6.4 kwenda chini, na unga uliotoka ulikuwa wa kijivu, si mwekundu. Takriban sehemu moja ya tano yake ilikuwa madini ya mfinyanzi, dalili ya ziwa ambalo maji yake hayakuwa na asidi kali.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini mifereji inayoonekana kwenye picha za Mirihi isiwe imechongwa na lava?

Jibu: Marahaba. Lava huchonga mifereji kweli, na ndiyo maana mfereji peke yake hautoshi. Lakini lava haiviringishi changarawe wala haiachi tope la mfinyanzi.

Swali: Maji hayo yalikwenda wapi?

Jibu: Mirihi ilipoteza uga wake wa sumaku uliokuwa kama ngao, na upepo wa Jua, yaani chembe zinazotoka kwenye Jua kwa kasi, ukaichakaza angahewa. Chombo cha MAVEN, kilichoanza kuizunguka sayari hiyo Septemba 2014, kilipima gesi zikitorokea angani. Maji mengine ni barafu, hasa kwenye ncha za kaskazini na kusini za sayari, na mengine yamefungwa ndani ya madini.

Swali: Je, tope la ziwa si ushahidi wa viumbe?

Jibu: Hapana. Linaonyesha makazi yaliyofaa, si mkaaji. Kwa sababu hiyo roboti ya Perseverance, iliyotua kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021 karibu na delta ya mto wa kale, hukata vipande vya mwamba na kuviziba ndani ya mirija, ili siku moja vichunguzwe katika maabara za duniani.