Mtoto Akiendesha, Maji Matupu Hayatoshi

Mvua za Aprili zikishika hapa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, vyoo hufurika, na mimi mhudumu wa afya ya jamii hubishiwa mlango hata saa nane za usiku. Juzi alikuja jirani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, anaendesha tangu jioni. "Dada, nampa maji tele, hayakai."

Hayakai kwa sababu ni matupu. Choo cha majimaji hutoka na sodiamu na potasiamu, chumvi zinazoshika maji kwenye damu na kuendesha misuli na moyo. Potasiamu ikipungua mtoto hulegea, tumbo likafura. Soda nayo ina sukari nyingi mno. Huvuta maji kutoka mwilini hadi utumboni, akazidi kuhara. Lakini sukari kidogo na chumvi kidogo hupenya ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo ukiugua, na ndiyo inayopitia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa pakiti unaokorogwa kwenye maji.

Nawa mikono, kisha soma pakiti kabla hujaikata. Zipo za nusu lita na za lita nzima. Nimewahi kumkuta mama amemimina pakiti yote kwenye kikombe kimoja, chumvi kali ajabu! Hiyo ni hatari. Mimi hupima kwa chupa ya soda ya mililita 500, iliyooshwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Huna pakiti? Lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya mlima. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Baada ya saa 24, mwaga.

Kila akihara, wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100; mkubwa wake, 100 hadi 200. Ziwa la mama na uji visikatizwe.

Nilimfinya mtoto ngozi ya tumbo, ikarudi papo hapo. Macho hayakuwa yamezama, na alilia kwa machozi. Ingechelewa kurudi, au angekuwa hawezi kunywa, amelala haamki vizuri, au choo kina damu, tungekimbia hospitali usiku uo huo.

Kikombe cha kwanza alikitapika chote. Mama akakata tamaa. Tukangoja dakika 10, tukaanza upya, kijiko kimoja, dakika moja, kijiko kingine, kwa mwanga wa simu, mama akihesabu kwa sauti. Saa kumi na moja alfajiri akakojoa mapajani pa mama yake, na mama hata hakuinuka, alicheka tu.

Kulipokucha tukaenda zahanati kuchukua dawa ya zinki, madini yanayosaidia kuhara kukome: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na wa chini ya miezi 6 nusu yake. Amalize zote, hata kama kuhara kumekoma.