Minyoo fundo hawatembei, wanabebwa

Mnyanya unaonyauka saa saba mchana na kuinuka tena jioni, hali udongo wake una maji ya kutosha, usiung'oe kwa mkono. Mizizi itabaki chini na ushahidi utabaki nayo. Chimba kwa jembe, ioshe mizizi kwenye ndoo. Ikiwa imevimba mafundo mafundo kama tangawizi, shamba lina minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoingia kwenye mizizi na kuivimbisha. Kwenye maharage na kunde angalia vizuri: vinundu vya naitrojeni, ambavyo ni vya kawaida na vinaufaa mmea, hukaa ubavuni mwa mzizi na ukivisugua vinabanduka. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki.

Mnyoo huyu anapoanguliwa hafiki nusu milimita. Kwa nguvu zake, msimu mzima hasogei hata mita moja. Jike mmoja hutaga mayai mia kadhaa, na kwenye udongo wa joto kizazi kipya hupatikana chini ya mwezi mmoja. Basi kama mwaka jana walikuwa kona moja na mwaka huu wako shamba zima, kuna aliyewabeba.

Mara nyingi ni miche. Wakulima wengi huweka kitalu pale pale palipokuwa na bilinganya au nyanya, kwa kuwa ni karibu na maji, kisha kila mche unahamishwa na mzigo wake wa minyoo hadi kila shimo. Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako zote. Hamisha kitalu. Kama huna pengine, lowesha udongo wake, ufunike kwa nailoni angavu, kingo uzifukie, uuache juani wiki nne hadi sita za kiangazi. Unaponunua miche, omba uoshe mizizi ya michache. Ukikuta fundo hata kwenye mmoja, acha yote.

Kisha kuna udongo unaoganda kwenye buti, jembe na trekta la kukodi. Trekta lioshwe kabla halijaingia kwako, hata dereva akinung'unika. Maji ya mfereji yanayopita shamba la jirani nayo huwaleta, vilevile mafuriko ya mvua. Aliye bondeni ainue tuta upande wa juu. Mizizi yenye mafundo usiitupe mferejini wala kwenye mboji. Ianike ikauke kabisa, uichome.

Kubadilisha nyanya kwa bamia, tango, tikiti au karoti si kilimo cha mzunguko mbele ya mdudu huyu, kwani zote zinamlisha. Mnavu unaojiotea pia. Maua ya tagetesi (marigold) yakipandwa kwa kubanana shamba zima, miezi miwili au mitatu, hupunguza minyoo. Mistari miwili mitatu pembeni haitoshi.

Na kesho asubuhi, anza palizi shamba lililo safi. Lile lenye ugonjwa liwe la mwisho, kisha osha jembe hapo hapo kabla hujaondoka.