Mlo kwa mwenye soriasisi: sahani kwanza, vidonge baadaye

Soriasisi si fangasi, wala haiambukizi kwa kula sahani moja. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa: ngozi inayopaswa kujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja inajibadilisha kwa siku chache, ndiyo maana magamba yanarundikana viwikoni, magotini na kichwani. Hakuna chakula kinachoiponya. Mlo mzuri hupunguza makali na kuisaidia dawa ya kliniki, kwa hiyo dawa usiiache.

Kabla hujabadili chochote, pima uzito na kiuno, kisha piga picha mabaka matatu yaleyale kwa simu. Rudia kila wiki mbili, dirisha lilelile, saa ileile. Soriasisi hupanda na kushuka yenyewe. Bila picha, chochote ulichokula wiki iliposhuka utakipa sifa kisichostahili. Badili jambo moja kwa wakati na ulipatie muda wa wiki 8 hadi 12.

Kama uzito umezidi, anzia hapo. Hakuna kidonge cha dukani kinachofikia faida yake, kwa sababu mafuta ya tumboni hutoa kemikali zinazochochea uvimbe uleule unaosumbua ngozi. Mwenye kilo 90 alenge kupunguza kilo 4.5 hadi 9, nusu kilo hivi kwa wiki. Wengi hukimbilia kukata ugali, wakati soda, chai yenye vijiko vinne vya sukari, maandazi ya asubuhi na chipsi mayai za usiku zimebaki palepale. Anza na hizo. Kisha panga sahani: nusu iwe mchicha, matembele, bamia au kabichi, robo iwe ugali wa ukubwa wa ngumi, au wali, robo iwe maharage, samaki au kuku asiye na ngozi. Kisamvu kipikie tui jepesi. Mafuta yapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye dumu: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120.

Samaki wenye mafuta kula mara mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja. Pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, vibua ni chaguo zuri na bei yake haiumizi kama ya jodari. Wapike mchuzi wa ndimu na nyanya, au waoke. Ukiwakaanga kwenye karai la mafuta yaliyorudiwa, umeongeza kalori ulizokuwa unazipunguza. Na nyanya, pamoja na bilinganya, hazina kosa lililothibitika; usizikate kwa kusikia tu.

Pombe ni habari nyingine. Huchochea mabaka, na kwa anayetumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, huongeza hatari ya kuharibu ini. Ukiweza kuiacha, iache kabisa.

Kuacha ngano husaidia hasa wale ambao damu yao inaonyesha mwili unaikataa gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Pima ukiwa bado unakula chapati na mkate, maana ukiacha kwanza majibu yanaweza kudanganya. Majibu yakiwa mabaya, mahindi, mchele, mtama na muhogo vinatosha kabisa. Bia ya shayiri nayo iondoke.

Sasa virutubisho. Mafuta ya samaki yana ushahidi unaopingana. Ukitaka kuyajaribu, soma nyuma ya kopo: kidonge cha miligramu 1,000 mara nyingi kina takriban 300 tu za omega-3 yenyewe. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu amuulize daktari kwanza. Vitamini D imeze kama kipimo kimeonyesha upungufu, na mtu mzima asivuke yuniti 4,000 kwa siku bila usimamizi. Mafuta ya ini la samaki ni kitu tofauti: yana vitamini A, na hayafai kwa mjamzito wala anayetumia asitretini, dawa ya soriasisi ya jamii ya vitamini A.

Ukipewa methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu. Asidi ya foliki inayoambatana nayo ni sehemu ya tiba. Imeze siku uliyoelekezwa. Na usikubali Septrin ya kikohozi au mkojo kutoka duka la dawa bila kusema unatumia methotreksati: zikikutana zinaweza kuua uboho unaotengeneza damu.

Unga usio na lebo unaosafisha ngozi kwa siku tatu, ushuku una steroidi. Ukiuacha ghafla, mabaka yanaweza kurudi kwa ukali, hata na usaha.

Vidole vikivimba, au viungo vikikakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, nenda kliniki ya ngozi, Muhimbili au hospitali ya rufaa iliyo karibu, kabla viungo havijaharibika. Ngozi ikiwa nyekundu mwili mzima na homa juu, nenda hospitali siku hiyohiyo.