SOMO: Unavuka kwenda chuo? Soma hapa kabla hujaniuliza

Assalaam alaykum. Tangu matokeo ya fomu siksi yatoke, simu yangu haina raha. Kila anayejua kwamba nilitoka Konde nikasoma Tunguu ananitumia ujumbe uleule: "Kaka, chuo kukoje?" Nimeshawajibu watu kumi na saba. Nimewahesabu. Wa kumi na nane ataletwa hapa.

Naandika kwa anayetoka Pemba kuja Unguja, maana ndiyo njia niliyopita mwenyewe. Anayekwenda bara mengi yatamfaa, yaliyobaki aulize chini.

1. Laini ya simu. Namba uliyoombea chuo iwe yako, na ubaki nayo. Usiweke namba ya kijana wa steshenari aliyekujazia fomu. Ukichaguliwa vyuo viwili, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa ujumbe kwenye laini hiyohiyo. Kijana wa steshenari ana wateja mia, ujumbe wako keshaufuta. Neno la siri nalo liandike kwenye daftari.

2. Majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha fomu foo, cha fomu siksi, kitambulisho cha Mzanzibari, kadi ya benki. Vitandaze vyote juu ya jamvi uvisome herufi kwa herufi. Sisi wa visiwani tuna maradhi haya: hapa Khamis, pale Hamisi, hapa jina la babu limo, pale limeishia kwa baba, nyumbani Bimkubwa, skuli Maryam. Ukiomba mkopo, hapo ndipo faili linapolala. Kurekebisha kunakula wiki, kwa hiyo anza leo, usingoje barua ya kuchaguliwa.

3. Nakala. Toa nakala, zithibitishwe, na vyeti halisi uje navyo mkononi, si kwenye begi linalotupwa chini melini.

4. Fika wiki ya kwanza, na ujue usajili ni mara mbili.

Hapa nakaa, maana hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka wangu karafuu zilizaa. Chuo kinafunguliwa, na nyumbani mikarafuu imeinama, baba ana miti yake michache na mikono haitoshi. Nikajisemea: wiki ya kwanza ni hotuba tu na kuonyeshwa maktaba ilipo. Ngoja nichume, nipate pesa ya kodi ya chumba. Mchana niko juu ya mti, usiku tunachambua makonyo, asubuhi tunaanika na jicho liko mawinguni. Tukapeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikapata changu, nikapanda boti Mkoani wiki ya tatu, najiona bwana mkubwa.

Nikalipa ada, nikapewa kitambulisho, nikaingia darasani. Mwalimu ananiona, wenzangu wananijua, nafanya asaimenti, nafanya testi. Wiki moja kabla ya mtihani wa semista ikabandikwa orodha ya watahiniwa. Nikaitafuta "A" mpaka "Z". Simo. Somo la pili, simo. Yote sita, simo.

Nikenda ofisi ya usajili. Yule bibi akaniuliza, "Masomo ulisajili?" Nikamwonesha kitambulisho. Akasema, "Hicho cha kuingilia getini, mwanangu."

Ndipo nikajua. Kujisajili chuoni ni jambo moja: ada, vyeti, picha, kitambulisho. Kusajili masomo ni jambo jingine kabisa: unaingia mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, unachagua somo mojamoja la semista ile, unathibitisha, na dirisha lina siku ya kufungwa. Haya yote yalielezwa wiki ya kwanza, mimi niko juu ya mkarafuu. Nilizunguka ofisi nne kwa siku tisa. Idara ikaniombea, nikaruhusiwa masomo manne. Mawili nikayabeba mwaka wa pili na kuyalipia tena. Pesa ya karafuu iliishia huko na haikutosha.

Kwa hiyo, sikilizeni:
- Masomo yanasajiliwa KILA semista. Ya kwanza haikubebei ya pili.
- Kuchagua na kuthibitisha ni vitufe viwili. Wengi hubonya kimoja wakazima simu.
- Ukimaliza, chukua ratiba ya idara, linganisha somo kwa somo. Hata la lazima huweza kukosekana.
- Chapisha ule ukurasa, au upige picha tarehe ionekane. Siku ya ugomvi, karatasi ndiyo itakayokusemea.
- Usimpe mwenzako neno la siri akusajilie. Atakuchagulia masomo yake.

Na kama nyumbani kuna mavuno, mwambie baba ukweli: wiki moja ya mwanzo haiuziki. Rudi Ijumaa ya pili ukachume, boti zipo.

5. Chumba. Usilipe kodi ya chumba ulichokiona kwenye picha. Uliza tukuza, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia na mwenye nyumba mwenye friji mbili. Fungua bomba mbele yake.

6. Mizigo. Shuka, ndoo, kopo, pasi, chandarua. Godoro nunua Mwanakwerekwe, usilivushe bahari.

7. Alama. Fomu siksi ulikuwa na mtihani mmoja wa mwezi wa Mei, ukaweza kulala mwaka mzima ukaamka Machi. Chuo si hivyo. Vyuo vyetu vingi hugawa 40 kwa kozi weki na 60 kwa mtihani wa mwisho, na hizo 40 zinaokotwa wiki kwa wiki: testi, asaimenti, kazi ya kundi. Kengele hakuna, mwalimu wa zamu hakuna, fimbo hakuna. Ukilala hakuna atakayekuamsha, na hakuna atakayekukasirikia pia, na hilo ndilo linalowapoteza wengi.

8. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu. Likiingia, lipa kodi na nunua unga kabla hujapita Darajani.

Haya, maswali.

—

Kijana_Mtambile: Kaka mi niko bize, naomba kwa ufupi, hatua muhimu ni ipi?

Mwandishi: Ya nne.

Kijana_Mtambile: Ya nne inasemaje?

Mwandishi: Inasema usome.

Dogo Chwale: Dirisha la mkopo linafungwa lini?

Mwandishi: Tazama tovuti ya Bodi ya Mikopo. Tarehe hubadilika kila mwaka, nikikutajia ya mwaka wangu utaikamata hiyohiyo halafu unilaumu.

Mzee wa Kazi: Unawatisha watoto bure. Mimi nilichelewa mwezi mzima na nikamaliza vizuri tu. Uzembe wako usiufanye somo.

Mwandishi: Uzembe nimeukiri kwa kalamu yangu mwenyewe, hukuufichua wewe. Ulisoma mwaka gani? Kama mlikuwa mnajaza fomu ya karatasi na karani anakufuata bwenini, basi hiyo dunia imekwisha. Mfumo ukifunga umefunga, haujui wewe mtoto wa nani.

Mzee wa Kazi: 2004. Ni kweli ilikuwa karatasi.

Mwandishi: Basi tumeelewana, mzee wangu.

Binti Micheweni: Assalaam alaykum kaka. Nimesoma yote mara mbili. Baba hataki nikae hosteli, anataka nikae kwa shangazi Fuoni. Mimi shangazi nampenda, lakini nyumba ina watoto watano na mimi ndiye mkubwa wa kike. Naogopa nitageuka mpishi. Nimwambieje baba bila kumvunjia heshima? Na hizo kazi za kundi hufanywa saa ngapi?

Mwandishi: Wa alaykum salaam dada. Suali zuri, na umelifikiri.

Kwanza, Fuoni si mbaya. Iko njiani kuja Tunguu, gari moja tu, na chakula cha shangazi ni pesa ambayo hutaitoa. Usiikatae nyumba, ila panga masharti mapema. Ratiba ya masomo ikitoka, iandike kwa mkono wa kusomeka, ibandike jikoni, si chumbani kwako. Mwoneshe shangazi: siku hizi mbili narudi baada ya magharibi, siku hizi niko nawe mchana kutwa. Chagua kazi yako moja ya nyumbani uishike barabara, kwa mfano kufua au chakula cha Jumamosi na Jumapili, usingoje kupangiwa. Anayengoja kupangiwa hupangiwa zote.

Kwa baba, usimwambie "sitaki kwa shangazi". Mwambie, "Baba, nikae kwa shangazi semista ya kwanza, tukiona matokeo tutazungumza tena." Hapo umemtii na mlango hukuufunga.

Kazi za kundi: wenye hosteli hupenda usiku, kwa kuwa wao wamelala palepale. Siku ya kwanza kundi linapoundwa sema, "Mimi nakaa Fuoni, tukutane saa nane mchana baada ya sala." Ukisema mwanzo wanakubali. Ukisema wiki ya tano wanakuona mtegaji. Na usikubali kila mara kupewa kazi ya kupiga chapa, wasichana huachiwa hiyo. Omba sehemu ya kuwasilisha mbele ya darasa, hata kama Kiingereza kinakatika. Kinakatika kwa wote.

Binti Micheweni: Allah akulipe. La jikoni sikulifikiria kabisa.

Mama Salma: Mimi ni mzazi, mwanangu anakwenda mwaka huu, wa kwanza katika nyumba yetu. Nimpe pesa zote mkononi au kidogo kidogo?

Mwandishi: Shikamoo mama. Ya kodi na ada ilipwe moja kwa moja, isipite mfukoni. Ya kula mtumie kwa simu kila Jumamosi, hata kama ni chache. Na mama yangu, akikupigia wiki ya pili analia kwamba anataka kurudi, usimwambie arudi wala usimkaripie. Mwulize amekula nini. Mimi mama aliniuliza hivyo, nikaona haya kumwambia biskuti.

Mama Salma: Marahaba mwanangu. Nimecheka na nimelia.

Kombo wa Kojani: Mi naona boti ndiyo mtihani wa kwanza. Pale mkondo wa Nungwi nimetapika mpaka roho.

Mwandishi: Kaa nyuma, chini, katikati. Vijana hukimbilia mbele juu kupiga picha, na mbele ndiko kunakopiga.

Nahodha Mstaafu: Kweli. Na utazame mbali bahari inapokutana na mbingu, usitazame simu. Kula kitu kikavu, boflo au kipande cha muhogo, tumbo tupu ni baya kuliko lililoshiba. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari husinzia. Mkirudi likizo Februari, kaskazi inavuma, hapo mtanikumbuka.

Kombo wa Kojani: Tangawizi je?

Nahodha Mstaafu: Tafuna mbichi, kipande cha ukucha. Ndimu ya kunusa.

Asha_Ole: Na sisi wa Dodoma? Mbona mmetusahau?

Mwandishi: Dodoma sikusoma. Aliyepita aseme.

Juma UDOM: Mimi. Boti ya Dar kwanza, mwendo wa saa mbili hivi kutoka bandari ya Malindi. Tokea 2024 kuna treni ya umeme mpaka Dodoma, usihangaike na basi ukiwa na mizigo ya kiasi. Ila usipange boti na treni siku moja kwa kubanana, boti ikichelewa tiketi imepotea. Lala kwa jamaa Dar usiku mmoja. Na chukua sweta. Najua utacheka, sweta mtu wa Ole! Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ya Dodoma utaivaa mpaka darasani.

Asha_Ole: Sweta sina hata moja 😂 Masomo huko nako yanasajiliwa kivyake?

Juma UDOM: Kivyake, kila semista. Hatua ya nne haina bahari.

Kijana_Mtambile: Jamani mimi nimeshafika chuo, nimepewa kitambulisho. Sasa nimemaliza, sivyo?

Mwandishi: Panda juu. Soma.

Binti Micheweni: Kaka, narudi. Niko kwa shangazi, ratiba iko jikoni. Jana nimesajili masomo, nimethibitisha, halafu nikalinganisha na ratiba ya idara kama ulivyosema. Ratiba ina masomo sita, ukurasa wangu una matano. Lililokosekana ni la lazima. Dirisha linafungwa Ijumaa. Nimeliingiza tena, linakataa.

Mwandishi: Leo Jumanne, una nafasi. Piga picha ya ukurasa, ujumbe wa kukataa uonekane na tarehe. Kesho saa mbili asubuhi nenda idarani kwako kwanza, usianzie ofisi ya usajili, maana watakurudisha idarani. Mara nyingi huwa somo halijafunguliwa kwa kozi yenu, basi hata wenzako hawanalo na hawajui. Waulize wawili kabla hujalala, mkienda watatu mtasikilizwa haraka. Nijuze ukitoka.

Binti Micheweni: Nimewauliza. Hawanalo wote. Tunakwenda tisa.