Jinsi ya Kuchagua Feni za Kupoza Kompyuta ya Michezo

Kabla ya kununua feni, fungua kasha la kompyuta na upime nafasi zilizomo. Feni nyingi zina upande wa milimita 120 au 140, na unene wao wa kawaida ni milimita 25. Chunguza pia uso wa mbele wa kasha, kwani ukiwa umezibwa kwa kioo au plastiki isiyo na matundu, hata feni ya bei kubwa itazunguka bure kwa kukosa hewa ya kuvuta. Jambo hili lina uzito kuliko chapa yoyote, nalo ndilo linalopuuzwa zaidi.

Kwa makasha mengi, feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma zinatosha kuanzia. Hewa inayoingia ikizidi kidogo inayotoka, nyingi yake hupitia kwenye vichujio, na vumbi halivutwi sana kupitia kwenye nyufa.

Maelezo ya mtengenezaji hutaja wingi wa hewa na shinikizo, na vipimo hivi havina budi kusomwa pamoja. Wingi wa hewa hupimwa pasipo kizuizi chochote mbele ya feni. Ukiifunga kwenye rejeta (kipozeo chenye mapezi membamba ambamo maji ya kupoza hupita) au nyuma ya kichujio kizito, ile yenye shinikizo dogo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo chagua shinikizo kwa ajili ya rejeta na vichujio, na wingi wa hewa kwa ajili ya tundu la nyuma lililo wazi.

Kuhusu kelele, nashauri bila kusita kununua feni kubwa, au kuongeza idadi yake, kisha kuziendesha polepole. Feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja huongeza takriban desibeli 3 tu juu ya kelele ya moja, ilhali kupunguza mwendo wa feni kwa nusu hushusha kelele kwa takriban desibeli 15. Vilevile feni ya milimita 140 huweza kusukuma hewa sawa na ya 120 kwa mizunguko michache zaidi.

Pendelea feni za pini 4, ambazo hupokea volti 12 wakati wote huku waya wa nne ukibeba amri ya mwendo. Zile za pini 3 hudhibitiwa kwa kupunguziwa volti, na zikipunguziwa mno husimama. Soketi ya feni kwenye ubao mama kwa kawaida hubeba ampia 1, kwa hiyo jumlisha ampia zilizoandikwa kwenye feni kabla ya kuziunganisha mahali pamoja. Feni za taa zinahitaji uangalifu wa pekee: taa za volti 5 zikichomekwa kwenye soketi ya volti 12 huungua.

Feni ya bushi, yaani ambayo mhimili wake huzunguka ndani ya kijibomba cha kawaida, ni ya bei nafuu, lakini huchakaa mapema ikilazwa kwenye paa la kasha. Hapo weka ya beringi za mafuta au za gololi.

Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba kwa kawaida hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Kisha, programu ikiruhusu, fungamanisha mwendo wa feni za kasha na joto la kadi ya michoro, kwa maana joto la prosesa hupanda na kushuka ghafla na kuzifanya feni zivume kila mara pasipo sababu.