Ukigundua kasoro baada ya kununua nyumba Tanzania

Kabla ya kumwita fundi azibe ufa uliojitokeza chini ya rangi mpya, upige picha zenye tarehe na umwombe mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti, kwa maana ukuta ukishapigwa lipu ushahidi wako umekwisha. Kisha usome mkataba kwa makini, ukitafuta kile muuzaji alichoahidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuuvunja mkataba ulioingia kwa kudanganywa. Lakini kasoro ambayo ungeiona kwa ukaguzi wa kawaida ni vigumu zaidi kuidai, jambo linaloumiza wanunuzi wengi. Wakili wako amwandikie muuzaji notisi ya kudai matengenezo au fidia. Akikaa kimya, fungua shauri mapema, kwani ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6.