Kata nepia ikiwa changa ukitaka maziwa yenye mafuta mazuri

Wafugaji wengi mkiongea mafuta ya maziwa mtu anakimbilia unga wa deri, majani anaona ni ya kushibisha ng'ombe tu. Kumbe majani yenyewe yana mafuta. Si mengi, kama asilimia 1 hadi 3 ya uzito ukishatoa maji, lakini ng'ombe anakula kilo nyingi kwa siku, na kwa jani changa zaidi ya nusu ya hayo mafuta ni omega-3, aina ya mafuta mazuri ambayo wataalamu wanaita asidi ya alfa-linoleniki.

Jua kwanza yanakaa wapi. Yako kwa ule ukijani wa jani, pale mmea unapotumia jua kujitengenezea chakula, shina lina kidogo sana. So ukiingia shambani usifurahie urefu, angalia majani ni mangapi na shina limenenepa kiasi gani. Nepia ya futi nane inajaza mkokoteni na jirani anakusifu, lakini hapo umebeba kuni mbichi.

Mimi nakata nepia ikifika kama mita moja, mvua ikiwa nzuri hiyo ni wiki 6 hadi 8 tangu ukate mara ya mwisho, kiangazi inakawia kwa hivyo usifuate kalenda, fuata urefu na majani. Ukiona majani ya chini yameanza kuwa njano ujue umechelewa, jani likizeeka linabomoa ule ukijani na mafuta yanaenda nao. Nyasi ya Boma Rhodes kata ikianza tu kutoa maua, ukingoja mbegu zikomae umebaki na nyuzi. Samadi nayo usisahau, ama mbolea ya nitrojeni ukishakata, inaongeza jani na inaongeza mafuta ndani ya jani.

Aina ya majani? Inahesabika, ila watu wanaipa uzito kuliko umri na mimi siamini hivyo. Nyasi za baridi kama raigrasi na oti kwa kawaida zina omega-3 nyingi kuliko nyasi zetu za joto, kwa hivyo mtu wa kule kwa baridi kama Kinangop ana bahati kidogo. Nyasi ya brakiaria ina majani mengi kwa shina, hiyo naipenda. Lusani na desmodiamu, majani ya jamii ya kunde, changanya, hata kama ni kwa ajili ya protini tu. Lakini raigrasi iliyozeeka si lazima ishinde nepia changa, ndio maana nasema wakati wa kukata kwanza, aina ya mbegu baadaye.

Sasa hapa kwa kukausha ndio hasara kubwa iko. Ukishakata, jani bado linafanya kazi, vimeng'enya vyake vinavunja mafuta na hewa inayaharibu, halafu ukigeuzageuza hei majani yanapukutika na unabaki na vijiti, hei inaweza kupoteza theluthi ya mafuta ama zaidi. Lusani ndio mbaya zaidi kwa kupukutika, igeuze asubuhi ikiwa na unyevu kidogo. Saileji, yaani majani yaliyofungiwa bila hewa yakachacha, inahifadhi vizuri zaidi bora usiianike siku mbili ukingoja chafkata (mashine ya kukatakata majani) ya kukodi, nyausha masaa machache, katakata, kanyaga mpaka hewa itoke, funika siku hiyo hiyo. Na ya kulisha mbichi kata ya siku hiyo, usirundike ya siku tatu ikapata moto katikati.

Halafu usidanganyike na kipimo cha mafuta cha pale mnapouza maziwa. Hicho kinapima wingi si aina. Bakteria wa tumbo kubwa la ng'ombe wanageuza sehemu kubwa ya omega-3 kuwa mafuta magumu, inayopita ni kidogo, ingawa baadhi ya yanayobaki njiani bila kugeuka kabisa kiwele kinayatumia kutengeneza CLA, aina nyingine ya mafuta laini, na siagi inakuwa laini zaidi. Wingi wenyewe unategemea sana ng'ombe ni Jersey ama Friesian, na nyuzinyuzi anazokula. Hapo ndio majani machanga yanaweza kukugeuka, ukimlisha hayo tupu na unga mwingi juu, asilimia ya mafuta inashuka na kinyesi kinakuwa maji. Mpe hei kidogo asubuhi kabla ya majani mabichi, na unga ugawe mara mbili ama tatu kwa siku badala ya kumwaga wote wakati wa kukamua.